Mwandishi wa Vifo wa Lango la Bohar

Watu wa ofisi ya mji siku hizi wanamsimulia Jindwada kana kwamba walimpenda. Wageni wakiuliza, wanaambiwa alikuwa mzee wa mtaa, hazina ya mji, na upuuzi mwingine wa namna hiyo. Nisikilizeni mimi, niliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka thelathini na moja na nisimfae kitu.

Kwetu Multan jina la Jindwada hupewa mtoto ambaye nduguze wote waliomtangulia wamezikwa. Maana yake aishi sana. Basi akaishi, na kazi aliyoifanya maisha yake yote ilikuwa kuandika vifo vya wengine. Watu walimtania hadi wakachoka wenyewe, wakimwita Chacha, yaani baba mdogo. "Chacha Jindwada, leo umemkatia nani tiketi?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Ya kwako ninayo hapa, nangoja ikauke." Hakuna aliyenuna, kwa sababu kila mmoja wetu alijua kuwa siku moja jina lake litapita mkononi mwa mzee yule.

Palikuwa na ubao mweusi kwenye Lango la Bohar, upande wa kulia unapoingia, juu ya meza ya muuza maji ya miwa. Kila asubuhi shingo zote ziligeuka kulia. Hata wasiojua kusoma waligeuka. Hata sisi tuliohamia mitaa mipya nje ya mji, tukaja humu kufungua maduka tu, tuligeuka. Ubao ukiwa mtupu unasema alhamdulillahi na kwenda zako. Ukiwa umeandikwa unasimama, unasoma, na baada ya Alasiri unafunga duka unakwenda kusali. Ndivyo tulivyozikana.

Aliandika kwa chokaa ya maji na kalamu ya mwanzi pana kama vidole viwili. Nimeona mabango mengi maishani, sijaona mkono kama ule. Maneno yake yalikuwa yale yale siku zote: fulani, mke wa fulani au mwana wa fulani, amerejea kwa Mola wake, sala ya jeneza leo baada ya Alasiri, kiwanja cha Idi. Tarehe hakuandika hata mara moja. Ya nini? Magharibi ikikaribia alikuja na ndoo na kitambaa, akaufuta ubao hadi ukang'aa. Alisema aliyekwisha zikwa jina lake lishuke naye, lisiachwe likaning'inia njiani. Bibi zetu walikwenda mbali zaidi, wakadai kuwa jina la maiti likilala ubaoni litaita mwingine wa nyumba ile ile. Mwaka aliovunjika mguu alikuja kufuta akiwa amebebwa kwenye mkokoteni wa vitunguu.

Mkewe aliitwa Bakhtawar. Yeye aliosha maiti za wanawake. Wanawake wa mitaa minne, matajiri na mafukara, walipita mikononi mwake, na mama yangu mzazi mmojawapo. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko siki. Siku alipomwosha mama alitoka chumbani akanikuta nalia mlangoni, akaniambia, "Alipokuwa hai ulikuwa unakuja mara moja kwa mwezi, sasa machozi ya nini? Lete maji mengine." Nilimchukia siku ile, ingawa alikuwa amesema kweli tupu. Hawakujaliwa mtoto, yeye na Jindwada.

Kisha ikaja Ofisi ya Kufufua Mji. Mimi nilidhani mji wetu uko hai, lakini walitueleza kuwa umekufa na wao watauamsha. Wakapaka kuta, wakaficha nyaya, wakatengeneza roshani za mbao, wakabandika vigae vya buluu mahali ambapo hata babu zetu hawakuwahi kubandika. Nyumba za uani zikawa hoteli. Yangu pia. Nilihamisha wanangu kwenye mitaa mipya, nikaipangisha nyumba ya baba yangu, na dukani kwangu, ninapouza viatu vya kudarizi, nikaweka mlango wa kioo na mashine ya baridi. Uchochoro mzima wa Jindwada ukabaki na familia moja, yaani yeye na Bakhtawar, na wapishi wa hoteli waliokuja asubuhi na kuondoka jioni bila kumjua mtu.

Na juu ya lango wakaweka skrini. Kubwa kama nyumba ya ghorofa mbili, yenye mwanga hata mchana wa jua kali la kwetu. Inapitisha magodoro, simu, sabuni, mabibi harusi, na msikiti wa kale, kisha inarudi kwenye magodoro. Siku ya kwanza tulisimama chini yake midomo wazi kama mbuzi waliosikia radi, na tulifurahi. Siwezi kusema uongo, tulifurahi sana.

Ubao ukawa tatizo. Aliyelitaja kwanza alikuwa Haji Mumtaz, katibu wa wafanyabiashara, muuza halua. Katika mkutano alisimama akasema, "Mgeni ametoka nchi yake huko, kalipa nauli, anaingia langoni, na kitu cha kwanza tunachomkaribishia ni maiti. Ndugu zangu, hii ni biashara kweli?" Tulicheka wote. Jindwada alikuwa amekaa nyuma, naye akatabasamu kwa adabu.

Afisa wa skrini alikuwa Danyal, mtu wa makamo, mpole, nywele zake zimelazwa kwa mafuta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alimfuata Jindwada pale alipokaa, akamshika mikono yote miwili.

"Chacha, hatuondoi kazi yako, tunaipandisha. Wewe andika kama kawaida, kwenye karatasi, kwa mkono wako huo huo. Utuletee. Sisi tunapiga picha, inapanda juu. Bure. Herufi zako zitakuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yako."

Nilimwona Jindwada uso wake ulivyobadilika. Miaka yote aliandika kwenye ubao wa dhiraa mbili, juu ya meza ya miwa, na sasa anaambiwa herufi kubwa kuliko mlango. Alizitaka. Alikwenda mwenyewe na bisibisi, akaung'oa ubao, akaubeba kichwani kwenda nyumbani. Vipaza sauti vya msikiti navyo vikakatazwa kutangaza misiba katika makubaliano hayo hayo, vikaachiwa adhana tu. Matangazo yote yatakuwa juu, tukaambiwa, na sisi tukapiga makofi.

Bakhtawar alipouona ubao ukiingia mlangoni aliuliza, "Umeiba?"

"Wameweka skrini. Nitaandika juu huko."

"Na mimi nikifa utaniandika wapi? Kwenye paji la uso wako?" Akauchukua ubao akaufanya mlango wa banda la mbuzi.

Wa kwanza kufa baada ya hapo alikuwa baba yake Haji Mumtaz. Jindwada aliandika, akapeleka karatasi ofisini, na kabla hajafika nyumbani jina lilikuwa juu, kwa mwandiko wake mwenyewe, kila nukta kubwa kama tikiti maji. Kiwanja cha Idi kilifurika watu hadi barabarani. Magharibi ilipofika jina likaondolewa, kama desturi. Nilimkuta amesimama chini ya skrini, anatazama mahali palipokuwa na herufi, na magodoro yanapita. Akaniambia, "Umeona ile herufi ya kafu? Umeiona ilivyokaa?" Nikamwambia nimeiona. Alikwenda nyumbani anatembea kama bwana harusi.

Bakhtawar alikuwa ameshaanza kuugua. Lilikuwa ini, macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa. Nilikwenda kumjulia hali mara moja, mara moja tu, na mambo haya niliyasikia kwa masikio yangu nikiwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Walikuwa wangapi?" alimwuliza mumewe.

"Hawahesabiki. Uwanja ulijaa."

Kisha akasema, "Mimi nataka arobaini."

Kwetu inaaminiwa kuwa maiti akisimamiwa na waumini arobaini wakamwombea, maombi yao hayarudi. Mwenye watoto husema watoto wataniombea maisha yao yote. Bakhtawar hakuwa na mtoto. Alikuwa amewaosha wanawake waliosindikizwa na watu watano, na siku hizo alirudi nyumbani hakula.

"Utapata mia nne," Jindwada alisema. "Sasa kuna skrini."

"Mia nne za nini, wewe mwenye domo? Nimesema arobaini. Nimewaosha mama zao, nimewaosha dada zao, nimewakata kucha. Arobaini hawatakosekana. Niahidi."

Akaweka mkono juu ya kichwa cha mkewe akaapa. Bakhtawar akanigeukia. "Na huyu muuza viatu awe mmoja. Mama yake alikuwa mzito, mgongo wangu mpaka leo." Nikacheka nikasema, "Mungu akupe uhai, Mai." Nikaondoka kwa sababu nilikuwa na mgeni wa hoteli anayesubiri viatu vyake.

Alikufa mwezi wa Juni, Jumanne, alfajiri. Juni ya kwetu haina mzaha. Maiti haiwezi kukaa hadi kesho. Jindwada alikaa naye kidogo, kisha akachukua karatasi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akaandika. Mwenye kuosha maiti wa mtaa ndiye aliyekuwa amekufa, ikabidi atafutwe mwanamke wa mtaa wa mbali, na huyo aliosha haraka haraka, ana kazi nyingine.

Ofisi ilipofunguliwa Jindwada alikuwa wa kwanza mlangoni. Danyal hakuwapo, alikuwa safarini. Alikuwapo karani.

"Cheti cha kifo, mzee?"

"Amekufa alfajiri hii. Cheti nitakitoa wapi?"

"Na fomu ya maombi hujajaza."

"Baba yake Haji hakujaza fomu."

"Haji ni mteja, mzee wangu. Ana mkataba, halua yake inapita hapo juu kila dakika sita. Wewe una mkataba?" Kisha akamwona macho yake, akalainika kidogo. "Basi weka hapo mezani. Itapandishwa."

Itapandishwa. Jindwada alilishika neno hilo moja akaondoka nalo. Na sasa mtaniuliza, kwa nini hakupita duka kwa duka? Kwa nini hakuja kunigongea kioo? Mtu anayeuliza hivyo si wa kwetu. Mfiwa kwetu hapigi hodi. Msiba hutangazwa, na anayesikia huja kwa miguu yake. Kumwendea mtu na kumwambia njoo umzike mke wangu ni sawa na kumwomba sadaka, na Jindwada alikuwa amewaepusha watu na aibu hiyo maisha yake yote. Alikwenda nyumbani, akakaa kando ya jeneza, akangoja watu waliosoma tangazo.

Walioisoma karatasi ile walikuwa meza na feni.

Walipotoka na jeneza, mlinzi wa barabara mpya aliwasimamisha. Kuanzia saa nne asubuhi hadi usiku misafara hairuhusiwi mbele ya maduka, kwa ajili ya wageni. Iwe ya harusi, iwe ya maiti. Akawaonyesha njia ya nyuma, ile ya mfereji wa maji machafu. Kwa hiyo Bakhtawar hakupita mbele ya duka langu. Nilikuwa ndani, kwenye baridi, nimepiga magoti namvisha mwanamke wa Karachi kiatu cha nyuzi za dhahabu, na yeye anasema kinabana.

Kiwanjani walikuwa tisa: imamu, mchimba kaburi na mwanawe, muuza maji ya miwa, wapishi wawili wa hoteli waliokutana na jeneza uchochoroni wakaona haya kuliacha, fundi wa vigae, ombaomba mmoja wa msikitini, na mume. Muuza miwa ndiye aliyenisimulia. Jua linawaka, na Jindwada anamshika imamu mkono.

"Ngoja kidogo, maulana. Wako njiani. Wamesoma."

Imamu akangoja. Akangoja tena. Vivuli vikazidi kurefuka. Mwishowe akasema kwa upole, "Chacha, maiti haivumilii joto hili. Wewe mwenyewe unajua."

Sala ya jeneza kwetu husimama safu tatu, hata watu wakiwa wachache. Imamu akawapanga: watatu, watatu, wawili. Yeye mbele. Jindwada alisimama safu ya nyuma, ya wawili, pamoja na ombaomba. Muuza miwa anasema mzee hakukaza macho chini kama inavyopasa. Kila takbira aligeuza shingo kutazama barabara. Walipotoa salamu kulia na kushoto, yeye shingo yake ilikuwa imeshageuka.

Danyal alirudi Ijumaa asubuhi akaikuta karatasi mezani kwake. Wanasema alijishika kichwa, akamfokea karani mbele ya watu wote. Akasema mzee huyu tumemkosea, lazima tumfanyie jambo. Jambo alilolifanya ni hili: aliipandisha karatasi ile juu, kwa heshima, si kwa saa chache kama ya baba yake Haji, bali kwa siku tatu mfululizo, katikati ya matangazo yenye bei kubwa kuliko yote. Kisha akafunga ofisi akaenda kusali Ijumaa, na mapumziko ya mwisho wa juma yakaanza.

Nilikuwa navuta mlango wangu wa kioo nilipoinua macho. Bakhtawar, mke wa Jindwada, amerejea kwa Mola wake. Sala ya jeneza leo baada ya Alasiri, kiwanja cha Idi. Sijawahi kuona mwandiko mzuri kama ule. Nilikaa chini kizingitini. Nilikumbuka mgongo wake na uzito wa mama yangu, na nikalia, na safari hii hapakuwa na wa kunikaripia.

Alasiri nilifunga duka. Wote tulifunga. Waliotoka mitaa mipya walikuja, na madereva, na wauza vitambaa, na watu ambao mama zao waliwekwa sandani na mikono ile. Kiwanja kilijaa. Tukasimama safu, tukangoja jeneza. Hapakuwa na jeneza. Mwisho mtu mmoja akatumwa nyumbani kwa mfiwa, akarudi naye.

Jindwada hakuwa ametoka nje tangu Jumanne. Alikuja mbio, kilemba kimelegea, akatutazama kwa hofu. "Nani amekufa?"

"Mkeo," mtu akamjibu.

"Mke wangu nimemzika Jumanne."

Minong'ono ikapita safuni. Kisha Haji Mumtaz akasema kwa sauti, "Sasa sisi umetuitia nini?"

Mzee hakumsikia. Alikuwa ameanza kuhesabu. Aliinua kidole akapita nacho kwenye safu, midomo inacheza. Alipopita arobaini alisimama, akamgeukia imamu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepewa maji.

"Maulana, wamekuja. Wasalie basi."

"Ameshasaliwa, Chacha."

"Na watu tisa. Hawa ndio wake. Hawa ndio aliowataka."

"Sala ya jeneza hairudiwi. Nisingekunyima kama ningeweza."

"Arobaini tu. Wengine waende. Arobaini tu, maulana."

Imamu alitazama chini. Watu walianza kuvaa viatu. Haji alimpita mzee karibu, akamwambia, "Mtu mzima huandika tarehe. Ungeandika tarehe, yote haya yasingetokea. Umetuharibia alasiri nzima."

"Tarehe ya nini?" Jindwada alisema. "Jioni huwa nafuta."

Alikwenda ofisini akakuta kufuli. Jumamosi jina lilikuwa bado juu. Watu wa vijijini waliokuja sokoni wakasoma, wakaja kiwanjani. Jumapili wakaja wengine, na sasa hadithi ilikuwa imeenea, kwa hiyo walikuja na wa kutazama. Mzee alisimama kwenye njia ya kuingilia, anarudia neno moja kwa kila anayekuja: ameshazikwa, ameshazikwa, rudini, Mungu awalipe. Watu wakamjibu wanavyojua. "Leo tena amekufa?" Mwingine akasema, "Bibi huyu ana bidii, anakufa kila siku." Nilikuwapo. Mdomo wangu ulicheka kabla sijauzuia, na Jindwada aliniona.

Usiku kucha, siku mbili, jina la mkewe liliwaka. Mwanga wake uliingia hadi uani kwake. Mtu ambaye hakuwahi kuacha jina la maiti ya mtu lipitishe Magharibi, la kwake lililala njiani.

Jumapili jioni alikuja langoni na ndoo na kitambaa. Aliegemeza ngazi ya fundi wa vigae kwenye fremu ya skrini, akapanda. Akachovya kitambaa, akakamua, akaanza kufuta kuanzia kulia, kama alivyofuta siku zote. Herufi zake mwenyewe zilipita juu ya mikono yake na mgongo wake na kilemba chake. Alifuta jina la Bakhtawar na jina halikutoka. Kisha likaja godoro, akaendelea kufuta godoro. Ikaja sabuni. Alishusha mkono, akapumua, akangoja. Jina liliporudi akaanza tena.

Chini tulikuwa wengi. Simu zilikuwa juu, zote. "Chacha, na kona ile bado!" mmoja akapiga kelele. "Chacha, hamia na kwangu, kuna vioo!" Wakacheka. Mlinzi akaja, "Shuka, mzee, utapigwa na umeme, utakufa." Na sauti moja, sitaitaja ni ya nani kwa sababu bado ananunua viatu kwangu, ikasema, "Akifa yeye nani atamwandika?"

Ngazi ilikuwa inayumba. Nilikuwa hatua kumi kutoka hapo. Sikuishika.

Alishuka mwenyewe adhana ilipolia, nguo imelowa hadi kiwiko. Jumatatu asubuhi skrini ilimwondoa Bakhtawar kwa saa yake iliyopangwa, si kwa ajili ya mtu.

Picha zile zilizunguka mji, zikafika kwa Danyal. Alizipenda. Nadhani kweli hakujua alikuwa anafuta nini. Akachagua moja, nzuri kwa kweli: mzee wa kilemba juu ya ngazi, kitambaa mkononi, mwanga umemzunguka. Wiki mbili baadaye ilikuwa juu ya lango, na chini yake maneno: Mji wetu, tunausafisha wenyewe. Hawakumwuliza. Haji Mumtaz alisema ni heshima kubwa kwa mtu asiye na elimu.

Jindwada hakupita tena langoni. Alitumia njia ya mfereji, ile aliyopitishwa mkewe. Tulikutana huko siku moja nikiwa nakwepa foleni. Nikamwambia, "Chacha, unisamehe." Akanitazama kwa muda kama anayetafuta nilikuwa nani. "Ulikuwa wa thelathini na tatu," akasema. "Siku ile ya Ijumaa. Nilikuhesabu." Akaendelea na safari yake.

Alikufa Januari, wakati wa ukungu. Muuza maziwa alikuta birika la maziwa kizingitini halijaguswa siku mbili. Muuza miwa alinipigia simu, na nakubali, safari hii nilijaribu. Nilikwenda nyumbani kwake, nikaung'oa ubao kwenye banda la mbuzi, nikaandika kwa chokaa na mkono wangu mbovu, nikausimamisha langoni pale pale ulipokuwa. Haukukaa hata muda wa kunywa chai. Mlinzi alikuja akasema kibali changu cha duka kinajulikana namba yake, na kitu kile kinaharibu sura ya lango. Nikautazama ubao, nikatazama duka langu, nikaubeba ubao nikaulaza nyuma ya meza ya miwa, upande ulioandikwa ukiwa chini.

Kiwanjani tulikuwa kumi na mmoja. Imamu akatupanga safu tatu. Nilisimama ya nyuma, na nilijikuta, katikati ya takbira, shingo yangu inageuka kutazama barabara.

Niliporudi, jua lilikuwa linazama. Haji Mumtaz alikuwa amesimama langoni na mgeni, anamwonyesha skrini, na juu huko Jindwada yuko kwenye ngazi yake, anafuta. Haji akanishika bega.

"Nilikuwa namwambia mgeni habari za mzee huyu. Siku nyingi sijamwona. Yuko wapi siku hizi?"

"Tumemzika," nikasema. "Leo, baada ya Alasiri."

Akaondoa mkono begani kwangu. Alisikitika kweli, niliona.

"Lahaula. Leo hii?" akasema. "Mbona hatukuona tangazo?"